Pasi, dabo au kutaja? Madau ya briji yakilinganishwa wapinzani wanapoingia mnadani

Mnada wa briji ambao wapinzani wamenyamaza hauna presha. Wewe na mwenzi wako mnasemezana, mnapanda ngazi moja moja, mnafika mnakotaka. Kazi iko pale wote wanne mna la kusema. Aliye kulia kwako kafungua kopa 1, wewe umeshika karata 13 zinazoweza kuzungumza kwa njia nne au tano, na kila njia inakupa kitu huku ikikunyima kingine. Nitaziweka njia hizo sambamba, kwa karata halisi, niseme mimi ningechagua ipi na kwa nini.

Maneno kwanza, maana kila meza ina yake. Shupaza ndizo wengine wanaziita jembe, pau ndizo maua. Kwenye mifano, R ni ree, M mfalme, B bibi, G ghulamu. Pointi ni zile alizozieneza Milton Work: ree 4, mfalme 3, bibi 2, ghulamu 1, jumla 40 katika pakiti nzima. Mzunguko ni karata nne zilizotupwa, moja kwa kila mchezaji, na mwenye kubwa anakula, ila turufu hushinda aina nyingine. Ngazi ni idadi ya mizunguko unayoahidi kula juu ya sita: kopa 1 ni saba, kopa 4 ni kumi. Ukiitimiza umefika, ukiikosa umeanguka. Gemu ni mkataba wenye zawadi kubwa ya alama, mathalani kopa 4 au shupaza 4. Dabo, tamko linalozidisha alama za mkataba wa wapinzani, ninazigawa mbili: dabo ya kuomba, inayomtaka mwenzi ataje aina yake, na dabo ya adhabu, inayosema "hawa hawafiki".

Kutaja aina yako au dabo ya kuomba

Hapa ndipo wengi hukosea mapema, na kosa la mapema halirekebishiki ngazi zikishapanda. Kulia wamefungua kopa 1. Linganisha mikono hii mitatu:

Wa kwanza: shupaza R B 10 8 5, kopa 7 3, uru M 8 4, pau G 6 2.
Wa pili: shupaza R B 8 5, kopa 7, uru M G 8 4, pau M 6 3 2.
Wa tatu: shupaza R B 8 5 4, kopa 7, uru M G 8 4, pau M 6 3.

Wa kwanza una pointi 10 tu, lakini ni shupaza 1 bila kujiuliza mara mbili. Hutaji kwa sababu una nguvu. Unataja kwa sababu una karata tano nzuri, unamwelekeza mwenzi karata ya kuanzia, na unawanyang'anya wapinzani nafasi. Aliye kushoto aliyekuwa anataka kutaja shupaza 1 kwa karata nne dhaifu sasa hana dau hilo. Dabo kwa mkono huu ingekuwa uongo: mwenzi angeingia na pau akitegemea kukuta nne, akakuta G 6 2.

Wa pili ni dabo, nao hauna mjadala. Una karata nne za kila aina ambayo hawajaitaja na moja tu ya ile waliyoitaja. Yoyote atakayochagua mwenzi mtakuwa na turufu za pamoja zisizopungua nane akiwa na nne. Ukitaja shupaza 1 kwa karata nne unamdanganya kuhusu urefu, na ukikaa kimya unaacha pointi 13 zilale.

Mkono wa tatu ndio unaogawa watu. Umbo 5-1-4-3, pointi 13. Wapo wanaopiga dabo "ili kubeba aina zote", na sababu yao ninaielewa: mwenzi akiwa na uru tano au pau tano, shupaza 1 inaweza kuzika turufu zenu za kweli. Mimi nataja shupaza 1. Fuata kitakachotokea ukipiga dabo: kushoto wanapanda kopa 3, mwenzi anapita, kulia wanapita, na sasa wewe una shupaza tano ambazo hakuna mtu mezani anayezijua. Ukitaja shupaza 3 unadai mkono mkubwa usio nao, kwa sababu kwa wengi dabo ikifuatwa na aina yako mwenyewe maana yake ni pointi 17 au zaidi. Upande wa pili, ukianza na shupaza 1, wakaishia kopa 2, zamu ikakurudia, hapo unapiga dabo. Mwenzi anasoma: shupaza tano, kopa chache, uru na pau zipo. Mkono wote umesemwa kwa madau mawili. Karata ya tano ya aina kubwa isemwe kwanza. Dabo inaweza kungoja, ile karata ya tano haingoji.

Kanuni hii ina mpaka wake. Karata tano zikiwa mbovu na za aina ndogo, mathalani pau G 7 6 4 2, huku shupaza zako nne zikiwa nzuri, dabo inashinda. Kutaja pau 2 ni kupanda ngazi ya 2 kwa aina ambayo hutaki hata mwenzi aanze nayo.

Bila turufu 1 na pasi ya kuvizia

Bila turufu 1 juu ya kopa 1 haina utata mwingi. Shupaza M 8 3, kopa R G 9, uru R 10 5 2, pau M B 6 ni pointi 17, umbo tambarare, kopa zao umezishika kwa karata mbili za kuzuia. Itaje. Ukikosa kizuizi cha kopa, rudi kwenye dabo hata kama pointi ni zilezile.

Pasi ndiyo inayodharauliwa. Shika hii: shupaza 8 4, kopa R B 10 7 3, uru M 6 2, pau R 9 4. Pointi 13, na mchezaji mpya anahisi aibu kukaa kimya na pointi 13. Lakini utaje nini? Kopa ni zao. Dabo itamleta mwenzi kwenye shupaza ambako una 8 4. Pita. Aliye kushoto akipita naye, mwenzi wako ambaye kopa zake ni chache ana wajibu wa kufungua mlango kwa dabo, nawe utaiacha ibaki kuwa ya adhabu. Kumbuka kupita kwa kasi ileile unayopita nayo ukiwa na pointi 3. Ukivuta pumzi kwanza, umeshawaambia wote.

Dau la kawaida au kuruka

Shupaza M B G 9 7 4, kopa 6, uru 10 8 3, pau 9 5 2. Pointi 6, shupaza sita. Shupaza 1 inaruhusiwa, ila shupaza 2 ni bora zaidi. Ukiruka ngazi moja namna hii unamwambia mwenzi mambo mawili kwa pamoja, yaani urefu wa sita na udhaifu wa mkono, na wapinzani wanalazimika kuanzia ngazi ya 3. Tatizo la shupaza 1 hapa ni kwamba mwenzi atadhani una pointi 10 hivi, kisha baadaye apige dabo ya adhabu akitegemea ree usiyo nayo.

Kuna kosa lililo ndugu na hili: kuruka, kisha kutaja tena. Mwenye kuziba njia ameshamaliza hotuba yake. Wapinzani wakipanda kopa 4, uamuzi ni wa mwenzi.

Mwenzi wako ameingia: umwunge mkono kwa kiasi gani?

Kopa 1, mwenzi shupaza 1, kopa 2, zamu yako. Hapa ndipo hesabu ya turufu inapoipiku hesabu ya pointi. Mwaka 1969 Mfaransa Jean-René Vernes alieleza katika jarida la Marekani jambo lililobadilisha namna watu wanavyogombea mnada: jumla ya mizunguko ambayo pande zote mbili zingekula, kila upande ukicheza kwa turufu yake bora, hukaribia sana jumla ya turufu zao. Ninyi mna shupaza 9 na wao kopa 8, basi mizunguko ni takribani 17. Miaka ya 1990 Mmarekani Larry Cohen aliieneza kanuni hiyo mpaka ikawa lugha ya kila meza, na kwa mnada matumizi yake ni mepesi: turufu nane za pamoja, simama ngazi ya 2, tisa, ngazi ya 3, kumi, ngazi ya 4.

Mwenzi ana tano. Ukiwa na tatu na pointi 7, shupaza 2. Ukiwa na nne na pointi hizohizo 7, shupaza 3, moja kwa moja, sasa hivi. Si mwaliko wa gemu, ni ukuta. Wengi hutaja shupaza 2 kwanza, wapinzani wakienda kopa 3 ndipo wanapanda shupaza 3. Wamefika palepale, lakini njiani wamewapa wapinzani ngazi nzima ya kuelewana. Kama unajua utaishia wapi, anzia hapo.

Na ukiwa na nguvu za kweli, tuseme pointi 11 na shupaza tatu? Hapo usiruke. Taja kopa 3, aina yao wenyewe. Hakuna anayeweza kudhani unataka kuicheza kwa kopa zao, kwa hiyo dau hilo liko huru kubeba ujumbe: "ninakuunga mkono na nina mkono wa kutosha kufikiria gemu." Ulinganisho huu ndio ninaoupenda kuliko yote kwenye briji ya ushindani. Kuruka kunasema turufu nyingi, nguvu kidogo. Aina yao inasema nguvu. Mwenzi anayejua tofauti hiyo hatapotea kopa 4 itakapokuja kulia kwake.

Kanuni ya Vernes si msahafu. Mwaka 2004 Mike Lawrence wa Marekani na Anders Wirgren wa Uswidi waliishambulia kwa kitabu kizima, wakionyesha kwamba idadi ya turufu peke yake mara nyingi hukosea kwa mzunguko mmoja au zaidi, na kwamba kilicho muhimu ni karata fupi na mahali pointi zilipo. Mimi nachukua pande zote mbili. Turufu naanza nazo, kisha narekebisha. Bibi na ghulamu ndani ya aina ya wapinzani hupunguza jumla, kwa sababu zinakula mzunguko mkijilinda lakini hazikusaidii mkicheza. Mkiwa na aina mbili mnazokutana, jumla hupanda.

Mwenzi kafungua, mpinzani kaingilia

Hili nalipita haraka. Mwenzi kafungua uru 1, kulia kwako shupaza 1, wewe una shupaza 8 5, kopa M G 7 3, uru B 6 2, pau R 9 7 4. Kopa 2 ingeahidi kopa tano na mkono wenye nguvu, una nne. Dabo, ile inayoitwa hasi, ndiyo jibu: haitaki adhabu, inasema kopa nne zipo. Mmarekani Alvin Roth aliileta mwaka 1957, wakati ule ambao dunia nzima ilikuwa imeinua macho kutazama setilaiti ya Wasovieti, ndiyo maana wazee wa mchezo bado wanaiita Sputnik. Gharama yake ni kwamba huwezi tena kupiga dabo ya adhabu papo hapo ukiwa na shupaza tano nzuri. Unapita na kungoja mwenzi afungue mlango, kama kwenye ule mkono wa kuvizia.

Wamesimama chini: uwaache au uwasukume?

Kopa 1, pasi, kopa 2, pasi, pasi, na wewe ndiye wa mwisho. Ukipita mnada umekwisha.

Usiangalie mkono wako peke yake, sikiliza mnada. Wamekutana kwenye kopa na hawataki gemu, kwa hiyo pointi 40 zimegawanyika karibu nusu kwa nusu. Kama wewe una 8, mwenzi ana 10 au 11 na hakuweza kutaja kwa sababu kopa zake ni nyingi mno au umbo lake halikumruhusu. Na wakiwa na turufu nane upande wao, ninyi mna kopa tano tu kati yenu, hivyo karibu kila mara kuna aina ambayo mmekutana nyinyi pia.

Sasa linganisha kwa alama. Kopa 2 ikifika inawapa 110. Shupaza 2 yenu ikifika ni 110 kwenu. Pau 3 ikianguka kwa mzunguko mmoja mkiwa salama (yaani hamko "hatarini", hali inayokuza adhabu na zawadi) ni hasara ya 50, na 50 ni nafuu kuliko 110. Na mara nyingi hata hamtaicheza, watakwenda kopa 3 na kuanguka. Ndiyo maana katika mashindano ya jozi, ambako kila alama 10 inahesabika dhidi ya meza nyingine, kuwaacha wapumzike kwenye kopa 2 ni kujiumiza.

Uchaguzi kati ya dabo na shupaza 2 hapa ni rahisi kuliko zamu ya kwanza: ukiwa na tano taja, ukiwa na nne na umbo la kuomba piga dabo. Hadhari moja kwa mwenzi: wewe uliyefungua mlango umeazima pointi zake. Tayari umezihesabu. Asizitumie mara ya pili kwa kupanda ngazi ya 3 akifurahia "tumepata mkono".

Mkiwa hatarini hesabu inabadilika. Kuanguka kwa mzunguko mmoja bila dabo ni 100, bado chini ya 110, ila wakikupiga dabo ni 200, na 200 kwenye meza ya jozi ni karibu sifuri. Neno lenyewe, la kuwa "hatarini", lina hadithi yake: Harold Vanderbilt alibuni mfumo huu wa alama mwaka 1925 akiwa safarini kwa meli kupitia Mfereji wa Panama, na alisimulia kwamba neno hilo alipewa na msichana mmoja abiria. Uoga wetu wote wa ngazi ya 3 unatoka kwenye meli ile.

Dabo ya adhabu chini ya gemu: jozi na timu si mchezo mmoja

Wapinzani wako shupaza 2, unadhani wanaanguka kwa mzunguko mmoja. Upige dabo?

Kwenye mechi ya timu, fanya hesabu hii mara moja maishani na uiweke. Wakiwa salama, dabo inabadilisha 50 yako kuwa 100, faida ya pointi 2 za mechi (kipimo ambacho timu hugeuzia tofauti ya alama kati ya meza mbili). Wakifika, 110 yao inakuwa 470, kwa sababu umewapandisha kwenye gemu kwa mkono wako mwenyewe, na hiyo ni hasara ya 8. Wakiwa hatarini unapata 3, unapoteza 11. Ili dabo kama hiyo ilipe lazima uwe sahihi takriban mara nne kwa kila kosa moja. Kwa hiyo kwenye timu nasubiri mpaka nione mizunguko miwili ya kuwaangusha, siyo mmoja.

Kwenye jozi mambo ni tofauti kabisa. Kama ninyi mlikuwa na 140 yenu ya shupaza 3, na wao wamewatoa kwa pau 4 wakiwa hatarini, 100 haikutoshi. Meza nyingine wanaandika 140. Dabo inaileta 200. Hapo napiga dabo hata kwa mashaka, na nikikosea ni ubao mmoja tu, yaani mgao mmoja wa karata, umeharibika.

Dau la kafara: bei ya kila hali

Wao wamefika kopa 4 na unajua watafika. Je, ujitoe kafara kwa shupaza 4 ukijua utaanguka na dabo juu? Bei zinajulikana kabla karata hazijagawiwa:

| Hali | Gemu yao ya kopa 4 | Kafara inalipa mpaka | Haifai kuanzia |
|---|---|---|---|
| Ninyi salama, wao hatarini | 620 | kuanguka 3 (500) | kuanguka 4 (800) |
| Wote salama | 420 | kuanguka 2 (300) | kuanguka 3 (500) |
| Wote hatarini | 620 | kuanguka 2 (500) | kuanguka 3 (800) |
| Ninyi hatarini, wao salama | 420 | kuanguka 1 (200) | kuanguka 2 (500) |

Safu ya kwanza ndiyo paradiso ya wenye roho ngumu. Ilikuwa paradiso zaidi zamani: kabla ya sheria za 1987, kuanguka kwa mizunguko minne ukiwa salama na dabo juu kulikuwa 700, siyo 800.

Jedwali halikwambii kama kopa 4 yao ingefika kweli. Kafara juu ya mkataba ambao ungeanguka wenyewe ni kafara ya bure, na ndiyo hasara chungu kuliko zote kwa sababu ulikuwa na alama mkononi ukazirudisha.

Shupaza 4 juu ya kopa 4, na shupaza 5 juu ya kopa 5

Yanaonekana maamuzi mapacha, kumbe ni tofauti. Tuseme wote salama, ninyi mna shupaza 10, wao kopa 9, jumla 19.

Kwenye ngazi ya 4: wao wakiweza kula 10, ninyi mnakula 9; shupaza 4 na dabo ni hasara ya 100 badala ya 420. Wakiweza kula 11, ninyi 8, hasara ni 300 badala ya 450. Wakiweza kula 9 tu, ninyi mnakula 10 na shupaza 4 inafika. Katika hali zote tatu kutaja ni sahihi. Ndiyo maana kwenye ngazi ya 4, ukiwa na shaka, taja.

Sasa wapandishe kopa 5. Wao wakiweza 11, ninyi 8: shupaza 5 na dabo ni 500 dhidi ya 450, hasara ndogo. Wakiweza 10, ninyi 9: umelipa 300 wakati kopa 5 ingeanguka. Wakiweza 9, ninyi 10: umeanguka kwa mmoja wakati wao wangeanguka kwa miwili. Hakuna hata hali moja ambayo shupaza 5 ilikuwa sahihi. Karata zilezile, turufu zilezile, ngazi moja tu juu, na jibu limegeuka. Waachie ngazi ya 5, isipokuwa una sababu ya pekee: turufu kumi na moja, au mkono usio na hata kopa moja.

Najua hesabu hii vizuri kwa sababu niliijua hata siku niliyoivunja. Ilikuwa mashindano ya jozi, wote salama. Nilikuwa na shupaza R B 9 6 3, kopa 8, uru R M 7 4, pau 10 6 2. Nikafungua shupaza 1. Kushoto kopa 2, mwenzangu akaruka shupaza 4, kulia kopa 5. Zamu ikawa yangu, nami nikaganda.

Nilichokuwa nakitazama ni kopa yangu moja. Kopa moja, shupaza kumi za pamoja, mkono mzuri wa kucheza. Dakika ikapita. Na kadiri nilivyokaa, pasi ilizidi kuwa ngumu, kwa sababu Sheria ya 16 inamkataza mwenzi kutumia kusita kwangu. Ningepita baada ya kufikiri kwote kule, angekuwa amefungwa mikono. Dabo nayo niliiogopa. Nikachomoa shupaza 5. Kulia, dabo, bila kuchelewa.

Mwenzangu akaweka mezani shupaza M 10 8 5 4, kopa G 10 7, uru 6, pau B 9 8 3. Ree, mfalme na ghulamu wa pau walikuwa wote nyuma yake, kwa aliyepiga dabo. Kopa moja nikapoteza, pau tatu nikapoteza, mizunguko tisa, hasara 300.

Na kopa 5 yao? Mwenzangu angeanza na uru yake moja. Ree yangu, mfalme wangu, uru ya tatu anaikata kwa kopa 7, kisha ree ya shupaza: mizunguko minne kabla hawajagusa turufu. Pasi tu ilikuwa 100 kwetu. Dabo, 300. Kanuni ilisema jumla ni 19, karata zilitoa 18, na hata hiyo tofauti ilikuwa upande wangu.

Alingoja mpaka wale wawili wameinuka kwenda meza nyingine. Akazirudisha karata zake kwenye ubao, akaniuliza bila hasira: "Ree na mfalme wa uru, mwenzangu, ulikuwa unamwekea nani?"